Kucha za Mchoma Makaa

Wachuka alimzuia mumewe mlangoni, akakagua kucha zake moja baada ya nyingine, akatikisa kichwa.

"Bado ni safi. Ati mchoma makaa ako na kucha za karani? Hebu rudi kwa gunia."

Gatimu alirudi, akachomeka vidole ndani ya makaa mpaka weusi ukaingia chini ya kucha. Kisha akajipaka usoni.

Kampuni moja ya sola mjini Nyeri ilikuwa imetangaza mafunzo, na ajira kwa kila atakayehitimu. Nafasi zilitengewa watu waliopoteza riziki uchomaji makaa ulipopigwa marufuku. Heena, mhandisi msimamizi, alikuwa ameonya kwamba mdanganyifu angefukuzwa papo hapo.

Gatimu hakuwahi kuchoma hata debe moja. Lakini chuo cha ufundi alichofanyia kazi kilikuwa kimefungwa, na tangu hapo alikuwa akisukuma mkokoteni wa kabeji sokoni Karatina. Mgongo ulikuwa umeanza kugoma.

Ndiyo maana alikuwa amekwenda Kianyaga kwa mzee Moffat, mchoma makaa wa kweli, ajifunze kuzungumza kama mwenzake. Mzee alimweleza haraka haraka jinsi magogo yanavyopangwa, yanavyofunikwa kwa udongo, na moshi unavyobadilika. Gatimu alipouliza kwa nini yeye hakuomba nafasi, mzee alicheka.

"Nitaenda saa ngapi? Siku hizi niko na wageni kutwa nzima."

Gatimu alifika darasani akiwa amechelewa. Alipoingia tu, mazungumzo yalikatika. Watu wenye masizi mpaka masikioni walishusha kofia na kuinamisha vichwa. Wamenijua, alifikiri. Wamejua mimi si mwenzao.

Kiti kilichobaki kilikuwa cha mbele kabisa. Ili asiulizwe, aliamua kuuliza yeye. Alimgeukia jirani yake akamtaka aseme yeye hujuaje makaa yameiva.

"Moshi ukivaa samawati," kijana alijibu kwa sauti nzito, macho sakafuni.

Yalikuwa maneno yale yale ya Moffat. Huyu alikuwa mchoma makaa halisi, na nyuma yake walikaa wengine chumba kizima. Gatimu aliapa kutofungua mdomo tena.

Heena aliwakaribisha, akaweka mezani paneli, betri na taa. Msaidizi wake, Rohan, alianza kuunganisha waya huku akimsimulia Heena jambo, uso kaugeuzia pembeni. Waya nyekundu ilikuwa ikielekea pasipofaa.

Gatimu alijikumbusha kwamba mchoma makaa hajui mambo hayo. Akauma mdomo. Akatazama dari. Rohan akasogeza kibanio karibu zaidi na betri.

"Wewe kijana, ngoja hapo." Sauti ilimtoka Gatimu kabla hajaimeza. "Waya nyekundu inaenda wapi?"

Viti vilikwaruza sakafu. Nyuma yake, chumba kizima kilikuwa kimesimama wima, kofia mikononi.

"Kwenye chanya, mwalimu Gatimu," wakaitikia kwa pamoja.