Mipaka ya Shamba la Fuko

Enzi zile wanyama walipolima ardhi ya mfalme, Fuko kipofu alibaki peke yake shambani baada ya mkewe kufa. Siku moja ndege Kozi, mpimaji wa mfalme, akamjia.

"Mzee, asiyeijua mipaka yake ananyang'anywa shamba. Nawe hata pua yako mwenyewe huioni!"

Fuko akaufuata mpaka akipapasa udongo, asikosee hata hatua. "Hapa ni Mvua-Ilipotukuta. Mwinuko huu ni Tulipogombana. Penye jiwe ni Alipocheka-Hadi-Akaketi."

"Mimi huliona bonde zima kutoka juu, na hayo sijapata kuyaona," Kozi akakiri kwa haya. "Shamba ni lako, mzee. Na hapa tuliposimama panaitwaje?"

"Hapa nimepafyeka mwaka huu," Fuko akajibu. "Bado hapajapata jina."