Dawa ya Kusinzia

Fundi bomba aliogopa kulala asiamke tena. Kamera ilikuwa ipite kooni mwake mpaka kwenye njia ya hewa, na daktari alimpa dawa mbili achague.

"Hii utalala fofofo, ila pumzi yako itabidi tuilinde sana. Hii nyingine utasinzia tu. Utakohoa, na sauti zetu utazisikia."

"Nipe ya kusinzia, dokta. Nataka niuone mlango wa kutokea."

Mkewe alicheka. "Umezibua mabomba ya mtaa mzima, leo likiguswa lako unatetemeka kama kifaranga!"

Mke akatolewa nje, dawa ikaingia. Miguu ikawa mizito, mpira wa kamera ukateleza kooni, machozi yakamtoka. Muuguzi alimshika mkono, akawa anampapasa kwa kidole gumba.

"Vizuri, baba. Karibu tunamaliza."

Ghafla kidole kikasimama.

"Umeuona?" daktari alinong'ona. "Uvimbe umeshashika pande zote mbili. Huu haukatiki tena."

Fundi alitaka kuuliza, lakini mdomo wake ulikuwa umejaa mpira.

Mkewe aliporudi, alimfuta mate kwa kiganja. "Haya, shujaa wangu. Ulisikia chochote?"

"Nililala fofofo."

Woga wa kulala ulimgharimu usingizi wa usiku ule, na neno la kweli, ambalo hakuwa amewahi kumnyima mkewe tangu waoane.