Mungu wa Miaka Mitatu

Kibiriti mkono wa kulia, Biblia mkono wa kushoto, Mwalimu Elieza akapiga hodi kwenye nyumba ya mungu. Mara akajicheka moyoni: mtu gani anakuja kuchoma nyumba, halafu anapiga hodi? Lakini ndivyo alivyolelewa.

"Mbukwenyi, karibu," akaitikia mama mmoja aliyekuwa akifagia mlangoni. Jina lake Tabu, naye ndiye mtunzaji wa mahali pale. "Mungu amelala, ila mimi nipo."

Tembe lilikuwa dogo na udongo wake bado mpya. Lilijengwa nyuma ya vilima, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Kibakwe. Elieza aliwahi kufika pande hizi mara moja tu, kuhubiri, na alirudi kwake mbio bila mwavuli, bila kiatu cha kushoto, na bila mwongofu hata mmoja. Mkewe Priska alikuwa bado anamsema kwa ajili ya ule mwavuli. Kuhusu waongofu hakuwahi kusema neno.

Safari hii mambo yalikuwa mazito. Mvua ilikuwa imegoma. Uwele ulikauka ungali mdogo, na Mdachi wa boma hakupunguza kodi hata kidogo. Elieza aliomba kanisani mpaka sauti ikamkauka, na kila Jumapili mabenchi yakazidi kuwa matupu, kwa sababu waumini walisikia kwamba nyuma ya vilima yuko mungu anayeijua kazi yake. Jumapili iliyopita walibaki wawili: Priska, na mzee Methusela ambaye ni kiziwi. Bwana Misioni akaleta neno kutoka Mpwapwa kwamba Jumapili ijayo anakuja mwenyewe. Akiyakuta mabenchi matupu, mwalimu atafute jembe. Elieza aliliogopa jembe, na aibu aliiogopa zaidi.

Silaha yake ilikuwa elimu. Shuleni alifundishwa habari za mataifa ya kale: Wababeli walivyousujudia mwezi, Wamisri walivyomzika paka kwa heshima ambayo binadamu wengi hawaipati. Alifundishwa pia dini za namna hiyo zinavyoanza. Watu wana hofu, jambo linatokea kwa bahati, mmoja anasimulia na kuongeza chumvi, na haupiti muda kuna mtu mlangoni anakusanya unga. Somo hilo alilipenda kuliko yote. Lilimfanya ajione mrefu, na kimo ndicho kitu ambacho Mungu alimpimia kwa kibaba.

"Mungu wenu ana umri gani, mama?" akauliza.

"Miaka mitatu."

Elieza akaangua kicheko. "Wale wa Babeli walikuwa na maelfu, na hata hivyo wamekufa!"

"Wetu bado mtoto," Tabu akakubali. "Lakini ana bidii."

"Yukoje?"

"Mweusi ti, kama ng'ombe wa kuombea mvua. Ananing'inia kwenye boriti kichwa chini, mabawa ameyakunja. Akiyakunjua, mvua inakuja. Juzi tulijaribu kumwamsha, akamuuma mume wangu kidole."

Popo! Elieza nusura aruke kwa furaha. Wamisri na paka wao, Wagogo wenzake na popo wao! Mahubiri ya Jumapili yakaanza kujipanga yenyewe kichwani, na kwa mbali akamwona Bwana Misioni akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Na nani aliyemleta?"

"Kichaa mmoja. Mrefu, kichwa chake kilipita dari la tembe, na sauti kama ya fahali. Alisimama juu ya jiwe akapiga kelele, hakuna aliyeelewa anataka nini. Mara radi ikapiga, mbingu zikafunguka. Mwenyewe akakimbia, mungu wake akabaki."

"Wewe ulimwona huyo kichaa?"

"Mimi nilikuwa kisimani. Nimesimuliwa."

"Ndivyo zilivyo dini hizi zote," Elieza akamwambia kwa upole wa msomi. "Kichaa mmoja, na wengine wote walikuwa kisimani."

Tabu hakuchukia. Alisogeza ufagio, akampisha. "Ingia umwone. Unga unawekwa kwenye kibuyu."

Unga Elieza alikuwa nao. Ulikuwa wa mwisho nyumbani. Priska alimfungia kwenye furushi awe na chakula cha njiani, kwa sharti kwamba utakaobaki urudi. "Sikuja kutoa unga," akasema, akakitikisa kibiriti kwa maana.

Akainama kuingia, ingawa mlango haukumlazimu kuinama. Ndani giza lilikuwa zito na palinukia mafuta ya kondoo. Akawasha njiti moja, apate kwanza kukiona anachokwenda kukichoma.

Mungu alikuwa juu, kwenye boriti, mweusi, kichwa chini, mabawa yamekunjwa. Ubavuni alikuwa na kiraka chekundu alichokishona Priska. Chini yake, juu ya kigoda kilichopakwa mafuta, palikuwa na kiatu cha kushoto.

Njiti ikamuunguza vidole, ikazimika.

"Umemwona?" Tabu akauliza kutoka nje.

"Nimemwona."

Elieza akachungulia mlangoni. Mbingu ilikuwa nyeupe kutoka kilima hadi kilima, hata wingu la kudanganyia hakuna, na Jumapili ilikuwa keshokutwa. Akakirudisha kibiriti mfukoni. Akapiga magoti, akaanza kulifungua furushi la Priska.

"Mama," akaita taratibu, "huwa mnaweka kiasi gani?"