Mbuzi wa Boti ya Polisi

"Mbuzi wa Nzilani ameuzwa!" chifu alitangaza, na watu wakapiga makofi.

Nzilani alishusha pumzi kama mtu aliyetua mtungi. Asubuhi hiyo askari wa chifu walimtoa mbuzi zizini kwa sababu yeye hakuwa na pesa za harambee ya boti ya polisi wa pwani. Maziwa ya mbuzi huyo ndiyo yaliyomlea mjukuu wake tangu mama wa mtoto afariki. Majirani walikuwa wamechanga wamnunue, wamrudishie.

Jirani alimkabidhi kamba ya mbuzi. "Shika, mwaitu, mama yetu. Nenda nyumbani."

"Amemrudisha!" chifu akapaza sauti. "Huyo ndiye mzalendo! Tunamuuza tena!"

Ndiyo iliyokuwa desturi ya harambee. Mwenye moyo alinunua kuku au mbuzi, kisha akamrudisha auzwe upya.

"Chifu, nimemrudishia mwenyewe," jirani alisema.

"Mali ya harambee hairudi nyumbani, bwana."

"Na hiyo boti itapita wapi?" mwanamke mmoja alifoka. "Mto wetu ni mchanga mtupu, maji tunachimba!"

Watu walicheka. Chifu hakucheka. Majirani walipapasa mifuko yao, ikawa mitupu. Nyuma yao, mchinjaji aliinua mkono kutoa bei.

Maziwa yalianza kudondoka kutoka kwenye chuchu za mbuzi, yakitoboa vumbi. Ilikuwa saa ya mtoto kunywa.

"Mara ya kwanza," chifu aliita. "Mara ya pili..."

Nzilani aliizungusha kamba kiganjani, akaikaza, akaanza kutembea.