Shoka na Mtoto Asiyejua Woga

"Filamu hii imenichosha hadi nikatamani kulala pale pale kitini," aliandika Shoka, ambaye hakuwa ameiona hata dakika moja.

Shoka ndilo jina alilopewa na wasomaji wa gazeti, maana kila Ijumaa safu yake ya filamu ilimwangusha mtu. Waigizaji walimwogopa, watengenezaji wa filamu walimlaani, naye laana zao alizinywea chai. Siri yake aliijua mkewe peke yake: mtu mkali kama huyu, filamu za kutisha hakuziweza. Damu ikionekana tu kwenye skrini, anakimbilia mlangoni. Kwa hiyo, miaka kumi na minane sasa, filamu ya kutisha ikija, kadi ya mwaliko ilikwenda na mkewe, fundi cherehani. Akirudi, anamsimulia mumewe. Shoka anaandika.

Mpango huo ulikuwa umeanza kuvuja. Mwezi uliopita safu ilimzika shujaa ambaye kwenye filamu alifika mwisho akiwa mzima wa afya, kwa sababu Shoka hakuwa na subira ya kumsikiliza mkewe hadi amalize. Mhariri alimwita ofisini akamwambia kwamba kosa jingine moja tu, safu inakwenda kwa mtu mwingine. Bila safu ile, Shoka alikuwa mzee mmoja tu mwenye maneno mengi, na hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Ndiyo maana safari hii alimdaka mkewe mlangoni, hata viatu hajavua.

"Umerudi mapema."

"Kabla ya yote, baba watoto, nisikilize..."

"Mengine baadaye. Filamu kwanza. Inaanzaje? Na usiniruke kitu, kazi yangu iko mikononi mwako."

Mkewe aliweka kadi ya mwaliko mezani, ikiwa nzima kama alivyopewa, akaketi. Alimtazama mumewe. Kisha akaitazama dari.

"Kuna daktari wa vinasaba," alianza polepole. "Amegundua woga wa binadamu unakaa wapi ndani ya mbegu. Anaunyofoa. Mtoto anazaliwa haogopi kitu."

"Halafu anaota pembe," alisema Shoka.

"Haoti chochote. Ni mtoto mzuri. Moto hauogopi, mbwa hawaogopi, baba yake hamwogopi."

"Sasa kinachotisha kiko wapi?"

"Ni baba. Amezoea kuogopwa, hajui kuishi vingine. Akigomba, mtoto anamtazama tu. Basi anaanza kujifungia chumbani, chakula anapelekewa mlangoni."

"Na mwisho?"

Mkewe alifikiri kidogo. "Mama anarudi kwa daktari. Anapanda kitandani mwenyewe, anamwambia, 'Na mimi ninyofolee.'"

Vinyweleo vilimsimama Shoka mikononi. Aliona hasira kwamba vimesimama, akavuta kompyuta.

Aliisimulia hadithi nzima, kisha akaishambulia bila simile. Hadithi haina kichwa wala miguu, alisema. Aliyeitunga hajui sayansi, hajui watoto, na wanawake ndio hawajui kabisa: mama gani mwenye akili timamu angeomba kutolewa woga wake, na ushujaa huo akaupeleke wapi, jikoni? Filamu yenyewe ni fupi, hata mtengenezaji ameichoka. Mtunzi arudi alikotoka; kama ni kuni akapasue, kama ni nguo akashone.

Alimsomea mkewe kwa sauti, kama desturi yake. Cherehani ilisimama.

"Hakuna hata kimoja kizuri?" aliuliza mkewe.

"Hata kimoja."

"Na ule mwisho?"

"Mwisho ndio mbaya kuliko vyote."

Alikuwa anasema uongo na alijua. Lakini Shoka kumsifu mtu ni aibu, na aibu hiyo hakuwahi kuionja. Cherehani ikaendelea.

Ijumaa asubuhi alitandaza magazeti yote mezani. Mengine hayakuwa na neno juu ya filamu ile. Yeye peke yake ndiye aliyeandika. Wavivu hao, alijisemea, na simu ilipolia akaiweka sauti kubwa ili mkewe naye asikie mume wake akisifiwa.

Mhariri aliongea kwa upole, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mzee, filamu uliiona mwenyewe?"

"Kwa macho yangu haya mawili."

"Mwanzo mpaka mwisho?"

"Mpaka taa zilipowashwa."

"Ukumbi haukufunguliwa siku ile. Mashine ya kuonyeshea iliharibika, waandishi wote wakarudishwa mlangoni. Safu nimeshampa mtu mwingine."

Shoka alikaa chini. Miaka kumi na minane ilikuwa imekwenda kwa sentensi moja. Mkewe aliendelea kukata uzi.

"Lakini usikate simu," alisema mhariri. "Mwenye filamu ninaye hapa. Aliingia akitaka kuvunja meza, sasa ametulia. Filamu yake ni ya panya wakubwa wanaotoroka maabara. Anasema hii ya mtoto asiyejua woga hajaisikia popote, ameisoma mara tatu, na anaitaka iwe filamu yake inayofuata. Anauliza imetungwa na nani."

Shoka alijikohoza. Alinyoosha mgongo, akairudisha ile sauti yake ya safu.

"Mtunzi," alianza, "kusema kweli, ni mi..."

"Nipe hiyo simu," alisema mkewe.