Kidonge cha Jumanne

Weris alikuwa ameshaweka kidonge kwenye ulimi wake, mumewe alipoingia chumbani. Mumewe alikuwa amekwenda Bura kuuza mbuzi na alitarajiwa Ijumaa, lakini leo ilikuwa Alhamisi.

"Asalamu aleikum," alisema.

Salamu lazima ijibiwe. Weris alimeza bila maji. Kidonge kilimkwama kooni, na utamu wa ganda lake ukaanza kuyeyuka hapo hapo.

"Waaleikum salaam."

Mumewe aliiona pakiti mkononi mwake. "Dawa ya nini hiyo?"

Kwa miezi minane Weris alikuwa na jibu tayari: ya kichwa. Alifungua mdomo alitoe, likakataa.

"Ya kuzuia mimba."

Mumewe aliketi ukingoni mwa kitanda. "Tangu lini?"

"Tangu nitoke hospitali. Daktari alisema mimba nyingine itaniua. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Akanyoosha mkono. Weris alimpa pakiti, akijua ataitupa dirishani. Lakini mumewe aliielekeza kwenye mwanga, akapitisha ukucha polepole juu ya majina ya siku yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. Ukucha ukasimama penye vidonge viwili vya siku zilizopita ambavyo bado vilikuwepo.

"Jumatatu na Jumanne hukumeza."

"Mtoto alikuwa na homa. Nilisahau."

Walitazamana. Safari ya Bura mumewe alikuwa ameianza Jumatano asubuhi, akitoka kwenye kitanda hicho hicho.

Alisimama, akamrudishia pakiti kiganjani.

"Vaa hijabu," alisema. "Kliniki haijafungwa bado. Tukaulize kama hatujachelewa."