Waliolala Hapa Jana

"Shoga, acha uongo! Wanao wako ughaibuni, wahesabiwe hapa kwa lipi?" Bi Zamda alipaza sauti kutoka dirishani kwake.

"Wewe nani kakuita?" Bi Rukia alijibu bila kumtazama, akamgeukia karani wa sensa. "Andika vijana watatu."

"Mama, naandika waliolala hapa jana tu. Serikali inapiga hesabu ya nguvukazi ya miaka thelathini ijayo."

"Basi niandike mimi. Sabini na moja."

Karani akaandika. Ilikuwa nyumba ya mwisho mtaani, na hakuwa amepata kijana hata mmoja.

Ndani, mkekani, wali ulikuwa umeshapakuliwa kwenye sahani nne, kama kila siku. Bi Rukia akampisha mlangoni.

"Vua viatu, mwanangu, karibu ule. Zamda, nawe njoo, mbea wewe. Chakula kinapoa."